Kicheko cha Baada ya Kifo

Ukiigiza maiti kwenye filamu za kwetu Kerala, hunyanyuki hivi hivi tu ukaenda kunywa chai. Hata uwe nyota wa namna gani. Unabaki umelala na pamba zako puani, kamera haizimwi, na mwongozaji anakuja kukuchekesha. Lazima ucheke, meno yaonekane, kamera ikuone kwamba u mzima. Ndipo unapofutwa liwa usoni na kuachiwa uende zako. Asiyecheka, kifo kile cha kuigiza humfuata mpaka kwake. Wasomi hulidharau jambo hili, mpaka siku yao ya kulazwa chini ya shuka nyeupe ifike. Hapo ndipo utakapowaona wanavyotoa meno.

Gangadharan, mwongozaji ambaye kila Mmalayali wa Kerala humwita Kaka Ganga kana kwamba wametoka tumbo moja, alikuwa na maneno yake kwa kazi hiyo. Aliinama sikioni mwa maiti, akanong'ona: "Haya, umeshakufa. Sasa nichekee." Basi, hakuhitaji vichekesho. Wa kwanza kabisa kuambiwa hivyo alikuwa binti yake wa pekee, Ambili, akiwa na miaka saba, maana mtoto mwingine wa kuigiza hakupatikana. Alimlaza uani juu ya jani la mgomba, akamfunika, na wanawake wa kijiji wakamlilia machozi ya kweli. Halafu akamnong'oneza. Mtoto akafumbua macho akacheka kicheko kirefu cha kutoka tumboni, hata Varkey, mpigapicha, akasahau kuzima kamera. Filamu hiyo ndiyo iliyomtoa Kaka Ganga.

Baada ya hapo hakushikika. Kila Onam, sikukuu yetu ya mavuno, filamu yake ilitoka, na bibi, mashangazi na wajukuu walijazana sinemani na vifurushi vyao vya ndizi za kukaanga. Hakukuwa na busu, damu wala tusi. Hadithi yenyewe ilikuwa moja, yeye akibadilisha majina na nyumba tu: mke amegombana na mumewe, amebeba sanduku amerudi kwao, baba mwenye busara anakaa naye kizingitini, anamwambia maneno mawili matatu, mke anarudi, mama mkwe anafungua mlango, taa ya shaba inawashwa, majani ya mgomba yanatandikwa, familia inakula. Watu walitoka na leso zimelowa. Wako wanawake waliotoka sinemani wakaenda moja kwa moja kwa waume waliokuwa wamewakimbia, kisha wakamsimamisha njiani kumshukuru. Wale waliorudi wakakuta yale yale, hao hakukutana nao.

Sasa asubuhi ya kesi ilimkuta ameketi barazani na msuli wake mweupe, chai ya rangi imepoa mbele yake. Mjukuu wake Malu, mtoto wa Ambili, alikuwa amejilaza sakafuni kwa mgongo, mikono kifuani.

"Babu, nimekufa."

"Nani kakuua?"

"Simba."

"Simba wa wapi huku kwetu?"

"Alikuja na basi. Babu, sema basi!"

Kila siku alimwambia yale maneno yake, ulikuwa mchezo wao. Leo alisogeza kando kikombe cha chai.

"Amka, mama, ukavae viatu."

"Siwezi kuamka. Sijacheka!"

Thankamani, mke wa Gangadharan, akatoka ndani, akamwinua mtoto akiwa amelegea vile vile, akampakata kiunoni. Tangu mazishi ya Ambili alikuwa akimsemesha mumewe ya lazima tu: chumvi, ufunguo, maji yamekatika. Leo akasimama.

"Utasema?"

"Nitasema."

"Utasema yaliyotokea, au utasema yale ya kwenye filamu?"

"Thankam, jamani."

"Baba Ambili, nisikilize. Yule mwanamume amenichukulia mwanangu. Leo anataka kunichukulia na huyu. Ukienda kule ukalinda jina lako, usirudi hapa."

Yule mwanamume ni Rajmohan, mume wa Ambili, baba yake Malu. Alikuwa anamdai mtoto wake mahakamani, na kisheria alikuwa na haki zote, kwani polisi walikwisha kusema mkewe aliteleza kisimani akichota maji. Nyumba yenye pampu ya umeme, mtu achote maji kwa ndoo ya nini? Lakini hilo hakuna aliyemwuliza. Kilichobaki cha kumzuia asimchukue Malu ni mdomo wa Gangadharan.

Ambili alirudi kwao mara mbili. Mara ya kwanza ilikuwa katikati ya masika, sanduku mkononi, mdomo umepasuka. Baba yake alikaa naye kizingitini. Alimwambia maneno mawili matatu. Kila nyumba ina mambo yake, mwanangu. Hasira za mwanamume ni moto wa makuti. Watu wanaitazama familia yetu. Alimwambia kwa sauti ile ile aliyowafundisha waigizaji wake wote waliocheza baba, na nusu ya maneno yalitoka kwenye filamu iliyokuwa ikionyeshwa wiki hiyo hiyo. Ambili aliyajua. Alimalizia sentensi ya mwisho yeye mwenyewe, akabeba sanduku, akarudi.

Mara ya pili ilikuwa asubuhi ya Onam. Televisheni walikuwa wanakuja kupiga kipindi, Kaka Ganga sikukuuni na familia yake, na nchi nzima ilikuwa inakingoja. Ambili alishuka kwenye teksi ya pikipiki na Malu mkononi. Taya la kushoto lilikuwa limevimba na hawezi kutafuna. Rajmohan akaja nyuma yake na gari, amevaa hariri, amebeba sanduku la peremende, anatabasamu kama bwana harusi. Watu wa televisheni walikuwa wanashusha taa.

Nisimsingizie Gangadharan, moyo ulimpasuka. Lakini mikono yake ilikuwa imeshaanza kazi. Alimkalisha Ambili karibu na dirisha, upande wa kulia ukielekea kwenye mwanga. Akazishusha asumini za nywele mpaka chini ya sikio la kushoto. Akampaka poda kwa kidole chake mwenyewe. Kisha wakaketi wote, kamera ikawaka, na Ambili akawa amekaa pale uso mkavu, hauna kitu. Mtangazaji akaanza kumtazama mara mbili mbili. Ndipo baba yake alipojifanya anamtengenezea sari begani, akainama.

"Haya, umeshakufa. Sasa nichekee."

Ambili akacheka. Kicheko kirefu, cha kutoka tumboni. Mtangazaji naye akacheka, Rajmohan akacheka, na jioni ile watu waliokuwa mbele ya televisheni zao walisema, ama kweli hii ni nyumba iliyobarikiwa. Walipokwisha kula, Gangadharan mwenyewe ndiye aliyemfungulia binti yake mlango wa gari la mumewe. Sikukuu nyingine haikuingia kabla hawajamtoa kisimani.

Walimleta wakamlaza uani kwao juu ya jani la mgomba, pale pale. Waombolezaji wakiwa wamejaa, Gangadharan aliinama sikioni mwake akanong'ona yale maneno, akangoja. Akayarudia. Watu wakadhani mzee anasoma dua. Thankamani peke yake ndiye aliyesikia, akamshika mkono wa shati akamwinua.

"Kile kilikuwa kicheko cha baada," alimwambia. "Wewe umekichukua kabla. Sasa unamdai kipi?"

Kosa lenyewe ndilo hilo. Miaka yote ile Gangadharan hakuwahi kumchekesha mtu kabla ya kifo chake.

Varkey mpigapicha ndiye aliyewapeleka mahakamani kwa gari. Alikuwa amezeeka, macho yamefanya ukungu, na anaendesha gari kwa kumsikiliza Thankamani akimwambia ng'ombe huyo, mtoto huyo, shimo hilo.

"Kaka Ganga," alisema, "ukisema leo, hata mama yangu hataangalia tena filamu zako."

"Mama yako alishafariki, Varkey."

"Ndiyo maana nakwambia."

Hakuna aliyecheka isipokuwa Malu, ambaye hakuelewa. Gangadharan alijua rafiki yake anasema nini. Filamu yake mpya ilikuwa tayari, inangoja Onam hiyo, na nani atampeleka mama yake kuangalia filamu ya familia ya mtu aliyempaka mwanawe poda juu ya jeraha? Alikuwa amelala na jambo hilo na kuamka nalo. Lakini alipomtazama Malu amelala juu ya mapaja ya bibi yake, kiatu kimoja kimevuliwa, aliona kwamba jina halina uzito wowote. Angelitupa dirishani hapo hapo kama lingetosha.

Ukumbini wakili wao, Subaida, aliwapokea na ushungi wake umekaa upande kwa haraka.

"Mzee, wataonyesha ile video ya Onam. Hawana kingine. Ukiivunja ile, tumeshinda."

"Nitaivunja."

Na aliivunja, jamani, mimi sitamnyima haki yake. Wakili wa Rajmohan, Pisharody, mtu mnene mwenye sauti ya kubembeleza, alianza kwa kumpa salamu za mama yake mzazi, kwamba hakosi filamu yake hata moja. Halafu akawasha televisheni. Ambili akatokea, sari ya krimu yenye ukingo wa dhahabu, asumini, mwanga wa dirishani. Akacheka. Karani akatabasamu bila kujua. Hata askari wa mlangoni akatabasamu.

"Mzee wangu," Pisharody akasema, "huyu ni mwanamke anayemwogopa mumewe?"

"Hiyo siyo furaha. Nimeiongoza mimi."

"Umeiongoza?"

"Rudisha nyuma. Simamisha hapo. Mnaona taya lake la kushoto? Hamlioni. Nilimgeuza mimi. Mnaona asumini zilivyoshuka mpaka shingoni? Mwanamke gani wa kwetu anavaa asumini hivyo? Nilizishusha mimi, zifunike uvimbe. Asubuhi ile mama yake alimpondea wali kwa kijiko kama mtoto mchanga, kwa sababu hawezi kutafuna. Yule pale aliyevaa hariri ndiye aliyempiga. Mimi nilijua. Nilikuwa na kipindi cha kupiga, nikamwambia acheke."

Akawaeleza maneno aliyomwambia. Akawaeleza ya tangu utotoni, ya jani la mgomba, na ya siku ya mazishi. Alipofika hapo akanyamaza. Karani alikuwa ameacha kuandika, machozi yanamchuruzika. Askari alikuwa anajifuta kwa kofia. Hakimu mwenyewe, mwanamama mwenye nywele za mvi, alivua miwani yake. Gangadharan aliujua ukimya ule, aliusikia sinemani maisha yake yote. Na Mungu amsamehe, kuna kipande ndani yake kilichotambua kwamba amenyamaza pale pale panapostahili.

Pisharody alimwacha, hakuwa na haraka. Kisha akauliza polepole, kama anayemhurumia.

"Kwa hiyo ulijua anapigwa."

"Nilijua."

"Na siku hiyo hiyo aliondoka na mumewe."

"Baada ya chakula."

"Nani alimfungulia mlango wa gari?"

Gangadharan akamtafuta Thankamani kwa macho. Alikuwa anatazama mikono yake.

"Mimi."

"Sina swali tena." Pisharody akamgeukia hakimu. "Mheshimiwa, mambo ni mawili. Ama mzee wetu ametutungia filamu nyingine, na ni fundi, hata mimi nimelia. Ama anasema kweli, na basi alimkabidhi mwanawe kwa mkono wake mwenyewe, apate kumaliza kipindi cha televisheni. Tuamini lipi hata tumpe mtoto mwingine wa kike amlee?"

Subaida alisimama akapigana. Alisema kuhusu pampu ya umeme, kuhusu bibi, kuhusu mtoto anayejikojolea akisikia gari la baba yake. Lakini maneno yake yalikuwa yanapanda mlima, na wote waliokuwa mle ndani waliliona hilo. Walikuwa wameshalia na sasa wanajuta kwamba wamelizwa. Gangadharan aliona jinsi karani alivyomtazama akijifuta uso, kwa hasira, kama mtu aliyeibiwa mfukoni.

Baada ya chakula cha mchana hakimu akasoma uamuzi wake. Baba hana hatia yoyote iliyothibitishwa. Babu, kwa maneno yake mwenyewe, si wa kuaminiwa. Mtoto aende kwa baba yake leo. Bibi ataruhusiwa kumwona siku watakazokubaliana. Ilikuwa fupi kuliko tangazo la sabuni.

Thankamani hakupiga kelele. Aliketi pale benchini, amemshika Malu, pua yake imezama kwenye nywele za mtoto.

"Nimesema, Thankam," Gangadharan alimwambia. "Nimesema yote. Hukusikia?"

"Nimesikia. Umesema vizuri sana."

"Sasa nifanye nini?"

"Ungesema siku ile. Mlango wa gari ulipokuwa wazi. Ungesema siku ile, mume wangu."

Hakuwa amemwita hivyo tangu mazishi, na neno hilo lilimuuma kuliko kofi.

Nje uani watu walikuwa wamejaa. Habari ilikuwa imevuja kwamba Kaka Ganga yuko mahakamani, na wauza chai, wapiga chapa wa hati za mahakama, wanawake waliotoka sokoni na vikapu, wote walikuwa pale na simu juu. Bibi mmoja mwenye mwavuli alipenya akamshika mkono kwa mikono yake miwili.

"Kaka Ganga! Ile yako ya mama mkwe, nililia mimi, nililia mpaka nikaharisha. Tutengenezee nyingine!"

"Niache, mama."

"Hee, kumbe mkali hivi!"

Rajmohan alikuwa ameshamchukua mtoto. Alimchukua mikononi mwa Thankamani taratibu, kwa adabu, akijua simu zinamtazama, akashuka naye ngazi kuelekea gari jeupe. Na Malu alikuwa amekufa. Kichwa kimening'inia begani kwa baba yake, mikono inacheza, kiatu kimoja kimebaki kwa bibi. Mtu yeyote angedhani kasinzia. Gangadharan hakudhani. Mtoto alikuwa amejiwekea hesabu yake: maiti haamki mpaka acheke, na mtu aliyekufa hapelekwi mahali. Wanamlaza chini, Babu anakuja, anasema maneno, mchezo unakwisha, wanaenda nyumbani.

Gangadharan akawasukuma watu akafika mlangoni mwa gari. Rajmohan alikuwa anamwingiza kiti cha nyuma.

"Mzee, tusifanye vituko mbele za watu," alisema chinichini, tabasamu liko pale pale.

Malu akafumbua jicho moja.

"Babu," akanong'ona. "Nicheke sasa?"

Gangadharan akaushika mlango wa gari. Yale maneno yalikuwa yamemjaa mdomoni, yenyewe, kama mate. Angeyasema, mtoto angecheka, mlango ungefungwa, na simu zote pale uani zingeondoka na kicheko kizuri cha mtoto aliyefurahi kurudi kwa baba yake. Na mwaka mmoja baadaye, au kumi, wakili mwingine angekiwasha kwenye televisheni.

"Usicheke," alimwambia. "Mchezo umekwisha, Malu. Lia."

"Nilie?"

"Lia, mama yangu. Lia kwa nguvu watu wakusikie. Popote utakapokuwa, ukiumia, ukiogopa, usimchekee mtu yeyote. Lia!"

Alikuwa anapiga kelele sasa, mzee mzima, mishipa ya shingo imemtoka. Malu alimtazama babu yake, akaona uso ambao hajawahi kuuona, akaelewa kwamba huu si mchezo. Akalia. Alipiga yowe moja refu lililowanyamazisha wauza chai, akaupiga mlango kwa mguu wake usio na kiatu, akamwita bibi, akamwita mama yake. Rajmohan akafunga mlango, lakini kioo kilikuwa wazi kidogo, na yowe likapita.

Watu wote wakageuka. Kwa kitambo Gangadharan alidhani wameona, kwamba mtu atatoka kwenye lile kundi akasimama mbele ya gari. Kumbe walikuwa wanatazama huku na huku, juu ya paa la mahakama, nyuma ya mti, kwenye dirisha la mpiga chapa.

Bibi mwenye mwavuli akamvuta Varkey shati.

"Mwanangu," akauliza, macho yamemjaa machozi, "mtoto anajua kuigiza huyu! Kamera mmeificha wapi?"

Gari likatoka getini, likakata kona kwenye duka la mchele, na bado Malu alikuwa anasikika.